Kila Baada ya Saa Nne: Mimi na Mwanangu, Arua hadi Mbale

Jumamosi usiku, Arua, kaskazini magharibi mwa Uganda

Kifuko nimekimaliza saa tano usiku. Ni cha kitenge kilichobaki kwenye gauni la mteja, kina mifuko miwili. Mfuko wa mipira safi unafungwa kwa kifungo, wa mipira iliyotumika una zipu. Nimefanya makusudi, ili mkono ujue tofauti hata gizani.

Mipira ninayoisema ni ya kutolea mkojo. Mwanangu ana miaka minane. Alizaliwa na mgongo wazi, yaani uti wa mgongo haukujifunga alipokuwa tumboni, na alipofika miezi miwili kichwa nacho kikaanza kukua upesi, maana watoto wengi wa mgongo wazi hupata na kichwa kikubwa, maji ya ubongo yakikosa pa kutokea. Kichwa kilitibiwa Mbale, kule mashariki mwa nchi, na leo akivaa kofia huwezi kujua. Miguu haina nguvu, anatumia kigari. Lakini kazi ya kila siku ni kibofu. Kibofu chake hakipati habari kutoka kwenye ubongo. Mkojo ukilala humo unarudi juu kwenye figo na kuziharibu kimyakimya, na watoto wengi wa aina yake tumewazika kwa figo, si kwa mgongo. Kwa hiyo kila baada ya saa nne anatolewa mkojo kwa mpira, na anayemtoa ni mimi.

Shule aliyoanzia ilinirudishia mtoto baada ya wiki tatu. Niliambiwa nimlete atakapokuwa amekauka. Shule ya pili ilimpokea kwa sharti kwamba niwe karibu. Basi mwaka mzima cherehani yangu imekaa chini ya mwembe wa shule. Saa nne asubuhi namwita, naingia naye nyuma ya darasa, namtoa mkojo, narudi kwenye mshono. Saa nane vilevile. Wateja wangu wa mtaa wa Oli wamehama mmoja mmoja, kwa sababu nani ataleta kitambaa chake chini ya mwembe?

Nesi wa Mbale aliniambia kwa simu kwamba mtoto wa umri huo anaweza kufundishwa kujitoa mwenyewe. Sikumwamini, lakini nimefunga safari.

Pesa imetoka kwenye sanduku la kikundi chetu cha wazazi. Tuko kumi na wanane, sanduku lina kufuli tatu, na kila ufunguo unakaa kwa mama tofauti. Akikosekana mmoja halifunguki. Leo jioni wote watatu walikuja. Mmoja ametoka Ediofe kwa miguu, mtoto wake wa miaka kumi na moja akiwa mgongoni, kwa sababu hakuna wa kumwachia. Wakanihesabia shilingi 300,000. Nitarudisha kidogo kidogo hadi Desemba.

Nilimwuliza mwanangu kama naweza kuandika safari hii. Akasema niandike, ila jina lake nisiweke.

Jumapili, Arua hadi Bombo

Basi liliondoka saa kumi na mbili asubuhi. Kabla halijaondoka tulikuwa tumeshagombana. Kondakta alitaka shilingi 20,000 za kigari, kama mzigo. Nikamwonyesha kwamba kinakunjwa na kuingia chini ya viti. Akasema mzigo ni mzigo. Mzee mmoja aliyeketi nyuma yangu, anayeongea Kiswahili kile cha kambini nilichokulia mimi mwenyewe kwa baba yangu mwanajeshi, akapaza sauti: "Kijana, hiyo ni miguu yake. Wewe miguu yako umeilipia nauli?" Watu wakaguna. Kondakta akachukua 10,000. Nililipa, kwa kuwa basi linalofuata lingetufikisha usiku, lakini naandika hapa kwamba sikuridhika. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2020 inakataza kumbagua mtu katika huduma kwa sababu ya ulemavu wake, na kumtoza mtoto nauli mara mbili kwa kuwa hatembei ni ubaguzi, hata ukiuita mzigo.

Tulipewa kiti cha mbele, karibu na injini. Wengine wanakipenda kwa sababu unaona barabara. Mzazi wa mtoto wa mgongo wazi hukiogopa. Mwanangu hana hisia kuanzia magotini kwenda chini. Bati la pale chini linapata moto taratibu, na mtoto anaweza kuungua ngozi huku anacheka na kuhesabu mbuzi barabarani. Rafiki yangu mmoja aligundua kidonda cha mwanawe usiku, alipomvua soksi. Kwa hiyo niliikunja blanketi mara nne, nikaiweka chini ya nyayo zake, na kila baada ya muda niliingiza kiganja kati ya blanketi na bati. Kufika Nebbi, kiganja hakikuvumilia. Nikaomba kuhamia nyuma, na yule mzee akatupisha.

Hesabu yangu ilikuwa hii: kumtoa mkojo Pakwach basi likisimama, halafu tena Migyera. Pakwach tulisimama dakika chache tu. Wauza samaki wakavu na asali waliziba mlango, sikupata njia ya kushuka naye. Nikasema tutavuka Karuma ndipo tushuke. Tumevuka daraja la Nili, tumeingia ule mwendo mrefu wa pori la mbuga, tairi likapasuka.

Pale hakuna anayeingia kichakani, kwa sababu ya tembo. Wanaume walisimama kando ya basi, wanawake tukabaki ndani. Saa nne zilikuwa zimekwisha kupita, na tumbo la mwanangu limekaza chini ya kitovu. Ukiligusa unajua.

Nikasimama. Nikasema kwa sauti, kwa Kiswahili na kwa Kilugbara changu kibovu, kwamba mtoto wangu lazima atolewe mkojo sasa hivi, hapa hapa, na kwamba naomba watu wawili wanishikie kitenge. Sijawahi kusema hivyo mbele ya watu. Miaka minane nimejificha vyooni, nyuma ya maduka, nyuma ya malori. Wanawake wawili walinyanyuka kabla sijamaliza. Wakakishika kitenge pande mbili, wakageuza nyuso kwenye madirisha. Nikanawa kwa maji ya jerikani ndogo na sabuni, nikafanya kazi yangu, nikamaliza. Dakika sita.

Mmoja wao, bado ameshika kitenge, akaniuliza: "Kumbe ni hivyo tu?"

"Ni hivyo tu, dada."

Akanyamaza hadi Karuma, ambako nyani huja barabarani kuomba ndizi. Hapo akaniambia kwamba kwao Paidha kuna mtoto wa binamu yake, wa miaka mitano, ambaye hatolewi nje kwa sababu ya harufu. Bibi yake alisema ni laana ya ukoo. Nilimwandikia namba yangu ya simu kwenye karatasi ya tiketi. Nikamwambia mtoto asipelekwe kwanza kwa mganga wala kwa mchungaji, amlete kwangu, nimwonyeshe mwanangu akisoma.

Bombo tuliingia giza limeshatanda. Shangazi yangu anakaa huko, kwenye nyumba za Wanubi karibu na barabara. Alitupokea kwa chai nzito na maandazi, akampakata mwanangu, akambusu utosini palepale kwenye kovu. Zamani huyu huyu shangazi ndiye aliyeniuliza, "Nani amekutupia?" Leo hakuuliza. Aliuliza mkojo unatoka rangi gani. Nikafurahi kwa swali hilo kuliko kwa chai.

Jumatatu, Bombo hadi Mbale

Kampala niipite haraka. Paki ya teksi na kigari haviendani. Vijana wawili wapakia mizigo walimnyanyua mwanangu na kigari chake juu ya mtaro wa maji, wakakataa pesa, wakaondoka mbio.

Basi la Mbale lilikuwa zuri, na dereva alikubali kusimama nikimwomba. Najjembe, katikati ya msitu wa Mabira, tulinunua gonja, zile ndizi za kuchoma. Jinja tulivuka daraja jipya lililofunguliwa mwaka 2018, lenye urefu wa mita 525 kuvuka Nili, nyaya zake zimetandazwa kama uzi wa mfumaji. Mwanangu alitaka kujua nani alifunga ile ya juu kabisa. Baada ya Iganga ni njia ya Tirinyi, mashamba ya mpunga na bwawa la Mpologoma, watoto wanavua samaki kwa vikapu. Dereva alisimama hapo bila kuombwa mara ya pili. Alikuwa amehesabu saa mwenyewe.

Mlima Wanale ulionekana jioni, ukuta mweusi juu ya mji, na michirizi ya maji inateremka.

Jumanne, Mbale

Hospitali ya CURE tuliijua mwanangu akiwa mchanga. Ilifunguliwa mwaka 2001, na watoto wa kichwa kikubwa wanaletwa hapa kutoka kila pembe ya Uganda, na kutoka Kenya, Kongo na Sudan Kusini. Ukiingia kwenye chumba cha kusubiri huoni hata mtu mmoja anayemkodolea macho mwanao. Kwa mzazi aliyetoka kijijini hilo peke yake ni kama kuvua kiatu kilichokubana.

Nataka kueleza jambo ambalo mimi nilichelewa kulielewa. Tiba ya kawaida ya kichwa kikubwa duniani ni kuweka mrija ndani ya kichwa unaoteremsha maji hadi tumboni. Mrija hufanya kazi, lakini huziba, na ukiziba mtoto anaweza kufa kama hakufika hospitali upesi. Sasa fikiria mrija umeziba usiku na wewe uko Yumbe, kule mbali kaskazini. Daktari Mmarekani Benjamin Warf, aliyefanya kazi hapa tangu mwanzo, aliona kwamba kwa watoto wetu hatari kubwa iko kwenye barabara. Akaunganisha njia mbili: kamera nyembamba inaingizwa kwenye ubongo, tundu dogo linatobolewa ili maji yapite yenyewe, na tishu inayotengeneza maji inachomwa ili ipunguze. Hakuna mrija unaobaki wa kuziba. Mwaka 2017 yalitoka matokeo ya utafiti uliofanywa hapa kwa watoto 100, ukilinganisha njia yake na mrija, na baada ya mwaka mmoja akili za watoto wa pande zote mbili zilikuwa hazipishani kwa namna ya kuonekana. Leo njia hiyo inafundishwa nchi nyingine. Mimi ninapolipapasa kovu la mwanangu, natambua kwamba kuna mtu aliyeifikiria barabara ya Arua kabla sijaipita.

Wengi tuliokaa nao benchi watoto wao hawakuzaliwa na shida hiyo. Waliipata baada ya maambukizi wakiwa wachanga wa siku chache: homa, degedege, halafu kichwa. Mama wa Soroti aliyekuwa pembeni yangu alikuwa na pacha mmoja mzima na mmoja hivyo. Kiswahili chake ni cha sokoni Malaba, Kiateso mimi sijui. Tulielewana kwa kuonyeshana utepe wa kupimia kichwa.

Mwanangu alipigwa picha ya figo kwa mashine ile wanayopimia wajawazito. Ya kulia nzuri. Ya kushoto imetanuka kidogo. Nesi hakunificha, akauliza kama kuna siku huwa tunachelewa. Nikasema zipo. Alinifundisha pia jambo la mtoto mwingine, Mungu akinijalia: uti wa mgongo wa mimba hujifunga ndani ya siku 28 za kwanza, mama wengi hawajajua hata kwamba wana mimba. Vidonge vya foliki, aina ya vitamini, huanzwa miezi kabla ya mimba, na aliyewahi kuzaa mtoto wa mgongo wazi huandikiwa na daktari kipimo kikubwa zaidi. Miaka minane nimebeba swali la nini nilikosea. Jibu la nesi lilikuwa fupi: hukukosea, hukuambiwa.

Jumatano, Mbale

Asubuhi nesi wa kiume alimchukua mwanangu nyuma ya pazia na kioo kidogo. Mimi nilibaki nje. Nilisikia maji, sabuni, sauti ya nesi ikisema taratibu, taratibu, subiri. Halafu kilio. Nikainuka. Nesi akasema bila kufungua pazia, "Mama, kaa." Nikakaa. Mwanangu alitoka macho mekundu, kifuko mkononi, akasema hataki tena.

Aliyemgeuza si nesi, wala si mimi. Ni kijana wa miaka kumi na mitano wa kutoka Busia, naye wa mgongo wazi, anatembea kwa vyuma vya miguu na magongo. Alikuwa amekuja kwa uchunguzi wake wa mwaka. Alivuta benchi, akaketi mkabala na mwanangu, hakumwuliza kwa nini analia.

"Mimi nilianza na miaka saba. Mara ya kwanza nilimwaga kopo zima kwenye suruali."

Mwanangu akainua macho.

"Shuleni kwenu kengele ya mapumziko inalia saa ngapi?"

"Saa nne na nusu."

"Usisubiri kengele. Ukienda na kengele choo kimejaa, watachungulia. Nenda dakika kumi kabla. Ongea na mwalimu mara moja tu, mwambie nikinyanyua mkono hivi natoka. Mimi wangu amezoea, hata haachi kuandika ubaoni." Akamwonyesha saa ya mkononi ya bei ndogo inayotetemeka bila kupiga kelele. "Na mpira ukimaliza osha hapo hapo, usiupeleke nyumbani na uchafu. Ukisikia unagonga, usilazimishe. Kohoa kidogo, utapita."

Nimehudhuria semina, nimesoma vijikaratasi, nimeongea na madaktari. Hakuna aliyewahi kuniambia habari ya kukohoa, wala ya kutangulia kengele. Nilikuwa namsikiliza yule mtoto wa watu kama mwanafunzi.

Akakitazama kifuko changu, akakigeuza, akafungua kifungo, akafunga zipu. "Nani ameshona?" Mwanangu akaninyooshea kidole. Kijana akaniambia, "Shikamoo mama. Nishonee na mimi." Jioni niliazima cherehani kwa jirani wa nyumba tuliyofikia, nikamshonea viwili.

Mchana mwanangu alirudi nyuma ya pazia. Hakulia. Mkojo ulitoka nusu, nusu nikamalizia mimi.

Alhamisi, Mbale

Mvua kutwa. Mara tatu alijaribu, mara mbili akafaulu peke yake.

Tulikaa jikoni kwenye ua na wazazi wengine, posho, yaani ugali, na malewa, machipukizi ya mianzi, ya karanga motoni. Kulikuwa na baba mmoja, yeye mwenyewe aliugua polio utotoni na ana binti wa kichwa kikubwa, naye ni diwani wa watu wenye ulemavu katika tarafa yake. Alitueleza vizuri. Katiba ya 1995 iliandika haki zetu, hata lugha ya alama ikatajwa humo. Sheria ya serikali za mitaa ya 1997 inataka kila baraza liwe na wawakilishi wawili wa watu wenye ulemavu, mwanamume na mwanamke, na Bungeni wapo watano. Hayo hayakudondoka kutoka juu. Watu wenye ulemavu walikwisha kujipanga, wakaunda umoja wao wa kitaifa, NUDIPU, tangu 1987.

"Lakini," akasema, "mimi nikikaa kwenye kikao cha bajeti niko peke yangu na magongo yangu. Nikisema shule zinahitaji choo, wananiuliza watoto hao wako wapi. Wazazi hamji."

Ilinichoma kwa sababu ni kweli. Huko Arua namfahamu diwani wetu, ndiye aliyeniandikia barua ya hospitali, na sijawahi hata siku moja kwenda kwenye kikao. Nimekuwa naomba shule inivumilie mimi na cherehani yangu, wakati kitu cha kuomba ni chumba kimoja cha choo chenye mlango unaofungwa, maji na rafu ya kuwekea sabuni, na njia isiyo na ngazi. Nimechora kwenye daftari la vipimo vya wateja. Upana nimepima kwa kigari chenyewe. Kikundi kina watoto sita wa umri wa shule. Tutakwenda nao wote, tukae viti vya mbele.

Ijumaa na Jumamosi, kurudi

Usiku wa Ijumaa tulilala tena Bombo. Shangazi alitaka kuona. Mwanangu akamwambia asubiri nje ya mlango, na shangazi, mwenye miaka sabini, akasubiri nje ya mlango.

Jumamosi basi la Arua halikuwa na nafasi ila ya nyuma kabisa, na mimi nilishukuru. Kigari hawakunitoza. Sifa ya Luweero ni mananasi, nilinunua matatu ya watunza funguo wa sanduku. Migyera tulisimama, alijitoa kwenye choo cha kituo cha mafuta, mimi nikiwa mlangoni na jerikani.

Simu iliita tukiwa Kigumba. Ni yule dada wa Paidha. Mtoto wanamleta Jumanne, pamoja na bibi yake.

Mbele ya Karuma foleni ya malori ilitushika saa nzima, jua la alasiri linapiga upande wetu. Niliangalia saa ya simu. Kabla sijasema chochote mwanangu alikuwa ameshanyoosha mkono kwenye kifuko, anatafuta kifungo kwa vidole huku macho yako nje kwa nyani.

"Mama, shika kitenge. Na wewe utazame kule."

Nikakishika, nikatazama kule. Mto ulionekana kidogo kati ya miti, mweupe kwa povu. Nilisikia sabuni, nikasikia akikohoa.

"Tayari. Huu ni wa upande wa zipu."